Bundi wa Ghalani na Mbegu za Masika

Wakulima wa Morogoro, ambao mwezi wa Machi hutia mahindi ardhini kuingojea masika, wanajua yakini ya kwamba katika maadui wa mbegu hapana amshindaye panya shamba, ajaye usiku kufukua punje shimo kwa shimo kabla hazijachipua, na ambaye jike lake aghalabu huzaa watoto 10 au zaidi kwa mimba ya siku 23 hivi. Ajabu ni kwamba mwindaji wake hodari ndiye tunayempiga mawe.

Namkusudia bundi yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, akaaye katika dari za ghala, mapango ya mibuyu na magofu. Uso ule si pambo: manyoya yake hukusanya sauti na kuipeleka masikioni, na masikio yenyewe, moja likiwa juu kidogo kuliko jingine, humjulisha mahali panya alipo hata katika giza totoro, nazo kingo za mbawa zina manyoya laini yazimayo mvumo, hata panya asipate habari mpaka amekwisha kamatwa. Aghalabu humeza windo zima, kisha hutapika mifupa na manyoya yaliyoshikamana kuwa donge. Na anayeshuku maneno haya na avunje donge moja chini ya kiota, ahesabu mafuvu.

Ama itikadi ya kwamba mlio wake huleta mauti, sitaijadili sana: mlio ule mkavu wa kukwaruza unatisha kweli, lakini ajali ya mtu imo mikononi mwa Mola, wala bundi hana hisa ndani yake.

Hata hivyo asisifiwe kupita kiasi. Mwaka ambao vuli imewahi na kunyesha kwa wingi, panya huzidi kwa kasi asiyoiweza bundi peke yake, maadamu yeye hutaga mayai 4 hadi 7 na kuyaatamia mwezi mzima; hapo hapana budi kufyeka magugu ya mipakani, kutega mitego, na kupanda siku moja na majirani. Lakini sumu ziuazo polepole ziepukeni, kwani panya aliyezila huzurura siku kadhaa akilegea, bundi akamkamata, na sumu ile ile ikamdhuru naye. Mti wenye pango usikatwe, nguzo za kutua zisimikwe shambani, na watoto wakatazwe manati.