Somo: Kumfundisha Mtoto Kusoma kwa Lugha Mbili



Neno la kwanza la Wahyi lilikuwa amri ya kusoma, na Suratur-Rum inatukumbusha kuwa tofauti za lugha zetu ni miongoni mwa ishara za Allah (s.w.). Somo hili linayaunganisha mambo hayo mawili. Ninalitoa kutokana na darasa dogo la wazazi na watoto wa miaka 4 hadi 7 ninalosaidia kuliendesha Rumonge wakati wa likizo.

Hali ilivyo

Katika mwambao wetu wa Tanganyika, watoto wengi huzungumza Kiswahili nyumbani, chuoni husoma herufi za Kiarabu, na shuleni hukutana na Kirundi kama lugha ya kufundishia. Baadaye Kifaransa huchukua nafasi hiyo.

Suala hili si geni. Familia zilizokimbilia Tanzania mwaka 1972 ziliishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu zaidi ya miaka 30. Kuanzia 2008 watu zaidi ya 50,000 walirejea, na wengi walifikia kusini mwa nchi, Rumonge ikiwemo. Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili. Wapo waliorudishwa madarasa ya chini pamoja na wadogo zao. Aliyejua hesabu alionekana hajui kitu kwa sababu tu swali liliulizwa kwa lugha nyingine.

Mtoto akiitwa mjinga miaka miwili mfululizo, ataamini. Na mzazi akiambiwa kuwa Kiswahili chake kinamharibu mtoto, atanyamaza. Mama mmoja muuza ndagala aliniambia ameacha kumsimulia mwanawe hadithi, kwa kuwa Kirundi chake ni cha sokoni tu. Kumbe yeye ndiye mwalimu tuliyemhitaji.

Namna tunavyofanya

1. Tunaanza na lugha ya nyumbani. Tangu 1953 UNESCO ilipendekeza mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama. Sababu yake ni nyepesi: kusoma ni kutambua kuwa alama zina sauti, na sauti zina maana. Mtoto hawezi kuifikia maana katika lugha asiyoijua. Akishaufahamu ufunguo huo kwa Kiswahili, anauhamishia kwenye Kirundi.

2. Mzazi asiyejua kusoma anasimulia, sisi tunaandika. Tunakunja karatasi, tunazishona kwa uzi, ukurasa mmoja Kiswahili na wa pili Kirundi. Mtoto anachora mtumbwi au mchikichi. Kitabu kinakwenda nyumbani, na mzazi anakifuata kwa picha kwa kuwa maneno ni yake.

3. Tunaonyesha madaraja. Mtu ni umuntu, maji ni amazi, nyama ni inyama. Kusoma ni gusoma. Pia tunaonyesha mitego: umuti kwa Kirundi ni dawa, si mti, mti ni igiti.

4. Tunasoma makosa kabla ya kuyasahihisha. Mtoto akiandika “cai” badala ya “chai”, masikio yake ni mazima: Kirundi huandika icayi kwa herufi c. Akisoma “lala” kama “rara”, amefuata sauti za Kirundi. Akianzia upande wa kulia, ametoka chuoni. Tunamwambia, “Hiyo ni kanuni ya kule, hapa kanuni ni hii.”

5. Hatutafsiri kila sentensi. Ukitafsiri, mtoto hupumzika akisubiri lugha anayoijua. Jumamosi ni Kiswahili, Jumapili ni Kirundi, dakika 40 baada ya Alasiri, kwa hadithi ileile. Wiki ya pili anakuwa tayari anaijua habari, anatafuta maneno tu.

6. Tunapima bila kuaibisha. Kila mwezi mtoto husoma maneno kumi kwa kila lugha, kisha husimulia alichokisoma. Anayesoma vizuri bila kuweza kusimulia bado hajasoma.

Mafunzo kutoka katika sira

Vitabu vya sira vinasimulia kuwa mateka wa Badr waliojua kuandika, wasio na fidia, walikombolewa kwa kufundisha watoto kumi wa Ansari. Elimu ya herufi ilihesabiwa kuwa na thamani ya uhuru wa mtu. Naye Zayd bin Thabit (r.a.) aliamriwa na Mtume (s.a.w.) kujifunza maandishi ya Mayahudi, akajifunza. Lugha ya pili haikumpunguzia ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuja kukabidhiwa kazi ya kuikusanya Qur'an.

Jukumu la likizo

Ndugu zangu, kila mmoja wetu ana mtaa wa kurudi. Chagueni familia tatu tu. Kisha mjadili katika kikao kijacho:

a) Watoto wa mtaani kwenu wanasikia lugha zipi, na shule inawapokea kwa lugha ipi?
b) Ni mzazi gani aliyenyamaza, na hadithi gani anaijua?
c) Chuo chenu kinaweza kutoa chumba siku gani?

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa wanaonufaisha kwa walichojifunza. Amin.