Makaratasi ya Kanada: Jimbo Hupendekeza, Serikali Kuu Huamua

Ndugu wanafunzi mlioko Kanada, tukisikia mwenzetu "kapata jimbo" tunadhani mambo yamekwisha. Bado! Tuelewane.

Manitoba ilianza mwaka 1998 kupendekeza wahamiaji wenye ujuzi inaouhitaji, na majimbo mengine yakafuata. Quebec ina utaratibu wake peke yake.

Hatua ni mbili. Kwanza, jimbo linakupendekeza. Pili, unaomba ukaazi wa kudumu kwa serikali kuu, ambayo hupima afya yako na kukagua rekodi ya polisi. Ukiwa kwenye Express Entry, mfumo ulioanza 2015, pendekezo la jimbo linakuongezea pointi 600. Usipokuwemo, unaomba kwa njia ya kawaida, na kusubiri huwa kurefu zaidi.

Sasa angalieni saa. Kibali cha kazi baada ya masomo hutolewa mara moja tu, na hakizidi miaka 3. Ukikimaliza kwa kubeba maboksi, kazi ambayo huenda jimbo halikuihitaji, utabaki huna kibali wala pendekezo. Kwa hiyo soma masharti ya jimbo kabla hujamaliza chuo, maana hubadilika mara kwa mara. Mengine yanataka uwe na mwajiri hukohuko.

Tena, usiseme utaishi Saskatchewan huku moyoni umeshapanga Toronto. Ukibainika umedanganya, unaweza kufungiwa miaka 5.

Haya, kazi kwenu. Anzeni mapema!