Kucha, Magoti na Tezi: Pima na Figo

SWALI: Daktari, tangu utotoni kucha za vidole gumba vyangu ni nusu nusu, na magoti huteguka mara kwa mara. Marehemu baba alikuwa hivyo hivyo. Hospitalini wamesema ni ugonjwa wa kurithi wa kucha na pia za magoti. Mwaka huu wameongeza kuwa tezi ya thairoidi, hii ya shingoni, haifanyi kazi ya kutosha. Ndugu wanasema ni mkosi wa ukoo. Mwanangu wa miaka 4 ana kucha kama zangu. Nifanyeje?
*Mama Mwenye Hofu, Morogoro*

JIBU: Binti yangu, huo si mkosi. Ni hitilafu ya jeni moja iitwayo LMX1B, na humpata takribani mtu 1 kati ya 50,000. Mzazi aliye nayo, baba au mama, ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha mtoto katika kila mimba. Hakuna aliyekosea.

Kinachonitia wasiwasi hukukitaja: figo. Jeni hiyo hushiriki pia kuunda chujio la figo na sehemu za jicho. Kucha na magoti huonekana, lakini figo huharibika bila maumivu. Wagonjwa wengi huvuja protini kwenye mkojo, na ikivuja nyingi huondoka na homoni za thairoidi. Huenda tezi yako ina ugonjwa wake yenyewe, kwani ni jambo la kawaida kwa wanawake. Hata hivyo, usiridhike na jibu hilo kabla mkojo haujapimwa.

Wewe na mwanao mpimwe kila mwaka protini kwenye mkojo wa asubuhi, shinikizo la damu, na presha ya macho, ambayo katika ugonjwa huu huweza kuanza mapema.

Ukiandikiwa dawa ya tezi, levothairoksini, imeze kwa maji matupu kabla ya kula chochote, kisha subiri angalau nusu saa ndipo unywe chai. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vimeze saa 4 baadaye.

Magoti yakiuma, usijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani, huziumiza figo. Ukitaka mimba nyingine, mwone daktari kabla, si baada.

Nakusihi, usingoje miguu ivimbe. Nenda na mwanao mkapimwe mkojo wiki hii.