SOMO LA KIINGEREZA: "MAN" NA "BOY"



Leo tutazame maneno mawili mafupi yanayosikika kila siku hapa Old Kampala, madukani, gerejini na majikoni.

"Man" kwanza ni mwanamume mzima. Pia huweza kuwa binadamu yeyote, mume wa mtu, au askari asiye ofisa. Likiungwa na neno jingine hutaja kazi: "foreman" ni msimamizi, "workman" ni mfanyakazi. Hili la mwisho lilikuwamo katika jina la sheria ya zamani ya Uganda ya fidia kwa wanaoumia kazini. Sheria ya mwaka 2000 iliweka mahali pake "worker", neno lisilobagua mke na mume.

"Boy" ni mtoto wa kiume. Lakini wakati wa ukoloni mabwana walimwita hivyo mtumishi Mwafrika, hata mwenye mvi na wajukuu. Ndipo Kiswahili kikapata "boi" na "taniboi". Angalieni hapa: maana hugeuka kwa msemaji. Mzee aliyesoma Old Kampala Secondary School hujiita "old boy" kwa fahari, yaani mwanafunzi wa zamani. Mzee huyo huyo akiitwa "boy" na tajiri wake, ametukanwa.

Wenzetu wa Marekani waliijua tofauti hii. Mwaka 1968, mjini Memphis, wazoa taka weusi wapatao 1,300 waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa lori la taka. Mabango yao yaliandikwa "I AM A MAN": mimi ni mwanamume mzima, tena mimi ni mtu.

Tunalisema hili kwa sababu anayeitwa mtoto hulipwa kitoto. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humwita mtu wa kazi "employee", yaani mwajiriwa, na mkataba wake waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Basi aliyeajiriwa jikoni kwa maneno matupu naye ni mwajiriwa mwenye haki zake.

ZOEZI. Fasirini kwa Kiswahili:

1. The boy is eight years old.
2. All men need rest.
3. The foreman called the old man "boy".

Kisha jibuni: ni sentensi ipi inayofaa kupelekwa kwa mwakilishi wa chama, na kwa nini?