Mapafu Hayanenepi

Wanafunzi wenzangu, hivi mnajua kwa nini mgonjwa hupimwa uzito na urefu kabla ya kupasuliwa? Lala chali, mdogo wako akukalie tumboni. Pumzi inakuwa nzito, sivyo? Ndivyo ilivyo kwa mtu mnene akilazwa mezani: tumbo husukuma kiwambo juu, mapafu yakabaki na akiba ndogo ya oksijeni.

Upasuaji wa koo una taabu zaidi, maana daktari mpasuaji na daktari wa nusukaputi hutumia njia ile ile ya hewa. Hewa ikikatizwa, oksijeni ya mtu mnene hushuka upesi. Kwa hiyo huinuliwa kichwa na mabega, akavutishwa oksijeni kwanza.

Lakini jamani, mapafu hayanenepi! Mwanamume wa sentimita 170, awe na kilo 66 au 120, mashine humpa karibu mililita 400 hadi 530 kwa kila pumzi. Kipimo cha hewa hufuata urefu. Dawa nyingi hufuata uzito.

Hapa Machakos nimesikia watu wakijipunguzia kilo wanapoulizwa. Tusione haya, tuseme kweli. Haya ni ya dakika moja. Pumzi ndiyo uhai.