Mji wa Chuo na Siku Zake za Mpira



Mwezi wa Machi tulikuwa na mdahalo bwaloni juu ya hoja hii: "Michezo ya Jumamosi ikomeshwe kwa Kidato cha Nne mpaka mtihani wa taifa uishe mwezi wa Novemba." Mimi nilikuwa katika wapinga hoja, maana ni beki wa timu ya bweni letu. Msemaji wa kwanza wa watoa hoja alisimama akasema, "Mshika mbili moja humponyoka," akaketi, na bwalo zima likavuma kwa makofi. Sisi tulisema mengi, lakini tulishindwa. Bwana Mkuu akatuambia kuwa amesikia pande zote mbili, naye atatoa uamuzi shule itakapofunguliwa mwezi wa Julai. Mwenye la kuongeza na aliandike.

Nami ninalo la kuongeza. Katika likizo fupi ya Pasaka nilimkuta nyumbani mjomba wangu, ambaye alisoma miaka miwili katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Nilipomweleza habari za kushindwa kwetu alicheka sana, akasema, "Mpwa wangu, mimi nimekaa katika mji ambao watu zaidi ya 100,000 huingia uwanjani kwa siku moja, na uwanja wenyewe ni mali ya chuo. Ungeniuliza kabla ya kusimama mbele za watu." Basi tangu siku hiyo nimemwuliza mengi, na mengine nimeyasoma. Leo nataka kueleza habari za mji huo, ili tuone jinsi masomo na mchezo vinavyokaa nyumba moja.

Mji wenyewe

Mji huo waitwa Ann Arbor. Uko katika jimbo la Michigan, kaskazini ya Marekani, kama kilomita 70 magharibi ya Detroit, mji uliopata sifa kwa kutengeneza magari. Ann Arbor ulianzishwa mwaka 1824. Chuo kilianzishwa Detroit mwaka 1817, kikahamia Ann Arbor mwaka 1837, baada ya kampuni ya ardhi ya mjini kukitolea ekari 40 bure. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 mji ulikuwa na watu 123,851, na wanafunzi wa chuo ni zaidi ya 50,000. Kwa hiyo ukisimama njiani, si ajabu kila kundi likipita likawa na mwanafunzi ndani yake.

Mji wa namna hii una faida na hasara. Wenye maduka, migahawa na nyumba za kupanga hupata wateja kila mwaka bila kuwatafuta. Lakini majengo ya chuo hayalipi kodi ya ardhi kwa mji, maana ni mali ya umma. Na kwa kuwa wanafunzi ni wengi, kodi za nyumba zimepanda sana, hata wafanyakazi wa mshahara mdogo hukaa mji wa jirani wa Ypsilanti na kusafiri kila siku kwenda kazini.

Mchezo wenyewe

Msidhani kwamba mpira wa huko ni kandanda yetu. Mpira wa Kimarekani una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi. Kila upande una wachezaji 11. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani zaidi kidogo ya meta 91, na nyuma ya kila mstari wa mwisho kuna eneo la yadi 10. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu, hupewa nafasi nne nyingine. Ikishindwa, mpira huenda kwa adui. Mchezaji akiufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani, timu yake hupata pointi 6; na mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya milingoti, hupata pointi 3. Mchezo una vipindi vinne vya dakika 15, lakini kwa sababu saa husimamishwa mara nyingi, huchukua zaidi ya saa tatu.

Mchezo wa kwanza wa namna hii baina ya vyuo ulichezwa tarehe 6 Novemba 1869, Rutgers wakawashinda Princeton kwa 6 kwa 4. Chuo cha Michigan kilianza kuucheza mwaka 1879. Hapo mwanzo ulikuwa mchezo wa hatari kupita kiasi. Mwaka 1905, baada ya vijana kadhaa kufa viwanjani, Rais Theodore Roosevelt aliwaita wawakilishi wa baadhi ya vyuo kuzungumza nao, na mwaka 1906 kanuni zikabadilishwa: ikaruhusiwa kurusha mpira mbele kwa mkono, ili watu wasiendelee kusagana katika fungu moja.

Siku ya mchezo

Uwanja wa Michigan ulifunguliwa mwaka 1927. Ukiutazama kutoka barabarani huwezi kujua ukubwa wake, kwa kuwa sehemu kubwa imechimbwa chini ya ardhi kama bakuli. Una nafasi za watu 107,601. Tufananishe: uwanja wetu wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, huchukua watu 60,000. Tangu mwezi wa Novemba 1975 kila mchezo wa timu hiyo uwanjani hapo umepata watazamaji zaidi ya 100,000, isipokuwa mwaka 2020 wa ugonjwa wa korona. Tarehe 7 Septemba 2013, walipocheza na Notre Dame, waliingia watu 115,109. Hata kandanda yetu imepata kuchezwa humo: tarehe 2 Agosti 2014 Manchester United walicheza na Real Madrid mbele ya watu 109,318.

Michezo huwa Jumamosi, tangu mwisho wa Agosti au Septemba mpaka mwisho wa Novemba. Mjomba anasema kwamba siku hiyo mji huamka kabla ya jua. Magari huanza kuingia alfajiri. Wenye nyumba zilizo karibu na uwanja husimama njiani na vibao, wakiuza nafasi ya kuegesha magari katika nyasi za mbele ya nyumba zao. Hata shule ya sekondari ya serikali iitwayo Pioneer, inayotazamana na uwanja, huuza nafasi katika viwanja vyake. Watu hufungua nyuma za magari, huweka majiko ya makaa, huchoma nyama na kuwakaribisha wapitao. Karibu kila mtu amevaa rangi za chuo, buluu na manjano. Na hiyo manjano, kwa jina la chuo chenyewe, huitwa rangi ya mahindi! Mjomba alipolisikia hilo mara ya kwanza alijiona yuko nyumbani.

Kisha bendi ya chuo, yenye wanafunzi mia kadhaa wa masomo ya kila aina, hupita kwa miguu kwenda uwanjani ikipiga wimbo uliotungwa mwaka 1898 na mwanafunzi aitwaye Louis Elbel baada ya timu kuishinda Chicago. Watoto, wazee na maprofesa huifuata. Barabara iliyo kando ya uwanja hufungwa.

"Na wewe, mjomba, ulikwenda kila Jumamosi?" nilimwuliza.

"La, mwanangu. Nilikwenda mara mbili tu. Siku nyingine nilikuwa maktaba. Ilikuwa kimya kabisa, watu wachache, kila mmoja na kitabu chake. Mara tukasikia ngurumo kutoka mbali kama radi. Mzee aliyekuwa meza ya pili aliinua kichwa, akatabasamu, akaendelea kusoma. Tulijua kuwa timu yetu imepata pointi."

Siku zilizobaki

Hapo ndipo nilipomwuliza swali ambalo ningalipaswa kuliuliza kabla ya mdahalo: kwa mwaka mzima, siku za namna hiyo ni ngapi? Akajibu, "Saba, au nane."

Wenzangu, nilistaajabu. Picha zote tunazoziona ni za siku hizo saba au nane. Siku nyingine zote za mwaka mji huo ni mji wa masomo. Katikati ya chuo kuna kiwanja kiitwacho Diag, ambacho njia zake hukatana pembe kwa pembe, na chini pametiwa herufi M ya shaba. Wanafunzi husema kwa mzaha kwamba mwanafunzi mpya akiikanyaga herufi hiyo kabla ya mtihani wake wa kwanza, atafeli. Hivyo utawaona vijana wenye akili nyingi wakiizunguka kwa hadhari! Wakati wa baridi theluji hufunika njia, na jua la Desemba huzama saa kumi na moja jioni. Lakini taa za maktaba huwaka mpaka usiku wa manane.

Mjomba alikaa katika nyumba ya ushirika. Nyumba hizo zilianzishwa na wanafunzi miaka ya 1930, wakati wa shida ya fedha, nao huzimiliki na kuziendesha wenyewe. Kila mkaaji hufanya kazi saa kadhaa kwa wiki: huyu hupika, huyu huosha vyombo, huyu hupiga deki. Mjomba alipewa zamu ya sufuria. Anasema kwamba Jumamosi ya mchezo haikumwondolea mtu zamu yake.

Na umati wa vijana hao haukukusanyika kwa mpira tu. Usiku wa tarehe 14 Oktoba 1960, kama saa nane usiku, John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, alifika mjini amechelewa. Alikuta maelfu ya wanafunzi bado wanamngoja mbele ya jengo la umoja wao. Akawauliza ni wangapi walio tayari kwenda kufanya kazi katika nchi za mbali kama Ghana. Wanafunzi wakaandika barua na kukusanya sahihi za wale waliokubali. Mwezi wa Machi 1961 Kennedy, akiwa Rais, alianzisha Peace Corps, na mwaka uo huo Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea vijana hao. Baadaye wengi wao walikuja kufundisha katika shule za sekondari za nchi yetu. Basi ngurumo ya mji ule, kwa njia hiyo, imetufikia hata sisi.

Yasiyopendeza

Haifai nisifu tu. Mpira huo ni biashara kubwa. Katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kuliko wote ni mwalimu wa mpira wa chuo, si profesa wala daktari. Kwa miaka mingi wachezaji walipewa ada na posho ya masomo tu, huku uwanja ukijaa fedha. Tangu Julai 2021 wameruhusiwa kupata fedha kwa matangazo ya majina yao, na tangu tarehe 1 Julai 2025 vyuo vyaweza kuwagawia sehemu ya mapato. Tena kuna majeraha ya kichwa, ambayo madaktari wameonyesha kwamba huweza kumdhuru mtu miaka mingi baadaye. Na kati ya wachezaji 100 wa vyuo, hawafiki wawili wanaopata kucheza kwa mshahara katika timu kubwa za taifa. Wale 98 wanabaki na kitu kimoja tu: yale waliyosoma.

Tunajifunza nini?

Sasa narudi bwaloni. Mtoa hoja alisema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, kama azishika kwa wakati mmoja. Mji ule hauzishiki pamoja. Mchezo umepewa siku yake na saa yake, na filimbi ya mwisho ikilia, nyasi hufagiwa, sufuria huoshwa, na maktaba hujaa.

Kosa letu si kucheza, bali ni kuiacha Jumamosi iingie Jumapili. Nakiri mwenyewe. Muhula huu tulipolishinda bweni la jirani tuliimba mpaka taa zikazimwa, na Jumapili yote tulisimuliana lile goli badala ya kufungua madaftari. Jumatatu nilipata alama 31 katika jaribio la hesabu. Mpira haukunifelisha, maneno ya baada ya mpira ndiyo yaliyonifelisha.

Kwa hiyo naleta mbele ya Bwana Mkuu maombi matatu. Kwanza, Kidato cha Nne tuachiwe mchezo wa Jumamosi tangu saa kumi alasiri mpaka saa kumi na mbili jioni, hapa shuleni tu, bila safari. Pili, kengele ya masomo ya usiku ilie kama kawaida, tumeshinda au tumeshindwa, na zamu zibaki zamu. Tatu, mwanafunzi atakayepata chini ya alama 40 katika jaribio lolote akae nje ya uwanja mpaka atakaporudia na kufaulu.

Nimeyaandika haya huku nikijua kwamba, kwa ombi langu la tatu, mtu wa kwanza kutoka uwanjani mwezi wa Julai ni mimi. Si neno. Jaribio la kurudia ni wiki ya pili, nami nimekwisha kumwomba rafiki yangu, yule yule mtoa hoja wa kwanza, anifundishe logarithimu wakati wa likizo. Amekubali, kwa sharti kwamba nitakaporudi uwanjani nimfundishe kupiga kona.