Noti ya Uwongo
(Somo juu ya Amri ya Saba na ya Nane)

Mwaka 1983 Mfaransa Robert Bresson alitoa sinema yake ya mwisho, iitwayo « L'Argent », yaani « Fedha ». Ndiye yule aliyetengeneza mwaka 1951 sinema ya padri kijana wa kijijini, kutoka kitabu cha Georges Bernanos. Hadithi ya « Fedha » aliitwaa kwa Mrusi Leo Tolstoy, akaihamishia Paris.

Mwana wa tajiri, Norbert, ana deni shuleni. Baba yake akataa kumwongezea fedha. Rafiki yake ampa noti ya uwongo ya faranga 500, nao waenda kuivunja katika duka la picha. Mwenye duka agundua hila. Je, aenda kwa polisi? La! Atafuta mtu wa kumtwika hasara, naye ni Yvon, aletaye mafuta ya kupasha nyumba joto, mtu mwenye mke na binti mdogo. Alipwa kwa noti za uwongo, azitoa mkahawani bila kujua, akamatwa.

Tusimame hapa, maana wakristu wengi hukosea jambo hili. Aliyepokea noti mbovu pasipo kujua hana dhambi. Lakini akiisha kujua, hana ruhusa kumpa mwingine, hata kama hasara itamwuma. Kusema « nami nilidanganywa » si haki ya kudanganya. Mwenye duka ameiba kwa Yvon sawasawa na mwizi avunjaye mlango usiku, ingawa mikono yake ni safi na duka lake laheshimiwa.

Tena uwongo huomba uwongo. Lucien, karani wa duka, aapa barazani kwamba hamjui Yvon. Bwana wake amemlipa. Mama wa Norbert apeleka bahasha ya fedha dukani ili jina la mwanawe lisitajwe. Namwona huyu mama kuwa wa kuogopwa kuliko wote: atenda kwa upendo wa mzazi, wala hamfikirii kamwe mtoto wa Yvon.

Yvon aachiliwa, lakini kazi imekwisha. Akubali kuendesha gari la wanyang'anyi, afungwa miaka 3. Akiwa kifungoni binti yake afa, mkewe amwacha. Atoka akiwa mtu mwingine: aua wenye hoteli, kisha aua kwa shoka mama mzee aliyempa chakula na malazi, pamoja na jamaa yake. Dhambi hizo ni zake. Noti haikuinua shoka. Lakini Norbert, mama yake, mwenye duka na Lucien watajibu nini mbele ya Mungu?

Bresson hapambi neno. Wachezaji wake si watu wa kazi hiyo. Hawalii wala hawapigi kelele. Twaona mikono, milango, noti zikihama. Mauaji ya hotelini hayaonyeshwi: twaona maji ya kunawia tu, yenye damu.

Mwishoni Yvon aingia mkahawani, awaendea polisi, aungama yote pasipo kulazimishwa. Atolewa nje amefungwa pingu. Watu waliokusanyika mlangoni hawamtazami apitapo. Waendelea kukodoa macho ndani, mahali pasipo na mtu tena.